Barua Alizobeba Matiko Mdomoni

Rhobi mwanangu,

Usitafute salamu hapa juu. Salamu ulinipa asubuhi. Ulipiga goti, ukasema, "Shikamoo, Bibi," na mimi nikaitikia huku namwangalia kuku. Kuku hakuwa na lolote la kuangaliwa. Sasa umekwenda Mugumu kuaga wenzako na kukata tiketi ya kesho, mimi nimebaki kwenye kigoda changu karibu na ghala, nalinda ulezi ulioanikwa. Mkono huu una kalamu, mkono huu una fimbo. Ukiona mahali mstari umepanda kama njia ya mlimani, ujue hapo nilikuwa nafukuza.

Naandika mchana kwa sababu taa inanitoa machozi, na sitaki mtu aseme Bibi alilia.

Mambo ya masweta, dawa za tumbo, na usimfungulie mlango mtu usiyemjua, hayo atakwambia mama yako. Bhoke ameshaanza, tangu jana anakunja nguo zako na kuzikunjua. Mimi hayo siyajui. Sijawahi kufika mbali kuliko Musoma, na huko nilipelekwa mgonjwa, sikuona kitu. Mimi nina jambo moja. Ni neno lile la juzi. Nataka liondoke kabla hujaondoka wewe, na sijui nitaliondoaje, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nitaliandika kama lilivyotoka, maana nikilipunguza makali nitakuwa nimejihurumia. Nilikwambia: "Nenda. Wewe si wa nyumba hii. Ng'ombe zangu zilileta tumbo tu, hazikuleta mtoto."

Mama yako aliacha kusonga ugali. Mwiko ukabaki umesimama ndani ya sufuria. Wewe hukulia. Ulisema, "Sawa, Bibi," ukatoka nje kwenda kumfunga ndama.

Sawa, Bibi! Afadhali ungenitukana.

Kwa watu wengine lile lingekuwa hasira ya kizee tu, mtu analala, asubuhi yameisha. Kwetu haliishi hivyo. Mimi nilibaki mjane bila mtoto, nikafanya kama wanavyofanya wanawake wa kwetu walioachwa namna hiyo. Nilifuga, nikalima tumbaku, nikapata ng'ombe, nikaenda kwa kina Bhoke kama mwanamume anavyokwenda, nikatoa mahari, nikamleta mama yako awe mke wa nyumba yangu, nyumba ntobhu. Anaowazaa ni wangu mimi na ni wa marehemu mume wangu, kwa jina, kwa shamba na kwa kaburi. Mwanamume aliyemzalisha hana neno hapa, wala hatumtaji. Ndivyo ulivyopata kuwa Rhobi Wambura, binti wa mtu aliyekufa wakati mama yako mwenyewe yuko mgongoni kwa mama yake. Mwalimu wako wa darasa la kwanza alitaka kuuliza uliza, nikamwambia, "Andika Wambura, au nishike hiyo kalamu niandike mwenyewe." Akaandika.

Kwa hiyo nyumba hii haikujengwa kwa damu. Ilijengwa kwa mdomo wangu niliposema mbele ya wazee, hawa ni wangu. Na mdomo huohuo juzi umesema si wangu. Hakusema jirani mwenye wivu. Nimesema mimi. Hata huyu mbwa wetu Askari, anayembwekea kila kiumbe, anayembwekea mchungaji Jumapili hata Jumapili, hajawahi kukubwekea wewe, hata uliporudi kutoka chuoni umenenepa na nywele za kununua. Mbwa alikuwa na akili kuliko mimi.

Sasa nikwambie kwa nini nilisema. Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia kwa sababu ulitoka kwenda kwa ndama hujui umenichoma wapi.

Tangu ulipokuja kuaga, kila jioni kabla ya chakula ulikuwa unatusomea zile barua za mzungu wako. Nilisikiliza, usifikiri nilikuwa nasinzia. Ulituambia ni mtu wa zamani sana, wa wakati nchi yao ya Amerika inazaliwa, mwanasheria kama wewe, mmoja wa wale waliokaa kwenye baraza wakabishana mpaka nchi ikatoka. Ulituambia kazi yako huko unakokwenda ni kuzisoma barua zake, kuzipanga na kusaidia kuandika maisha yake. Mimi nikakuuliza, mtu akifa miaka yote hiyo, barua zake zimebaki vipi? Ukasema alikuwa akiandika barua, anainakili, nakala anabaki nayo. Nikasema huyo alijisikia. Mama yako akacheka hadi maharage yakaungua.

Lakini nilipenda habari za mke wake. Mume amekwenda mabarazani, amevuka bahari kutafuta amani na watu waliokuwa maadui zao, na mwanamke amebaki na shamba, na vibarua, na watoto wenye homa. Anaandika kwamba chumvi imepanda bei. Anaandika kwamba hamwoni. Nilikuuliza, "Alilima nini?" Ukasema hujui, utaangalia. Rhobi, umesoma sheria miaka yote hiyo halafu hujui mwanamke alilima nini. Kaangalie.

Halafu juzi ukafunga ile kompyuta yako ukapumua, ukasema, "Wenzetu walikuwa na bahati, Bibi. Sisi kwetu hakuna mtu aliyeacha barua. Wazee wetu wamekufa kimya."

Kimya. Wambura kimya!

Hapo ndipo nilipokwambia nenda, wewe si wa nyumba hii.

Sasa sikiliza habari za baba yako. Jina lake unalo, habari zake nusu umezisikia kwa majirani, tena nusu ile mbaya. Hakuna mtu wa Ringwani asiyejua mimi Nyangi nilimfanyia nini Wambura. Mimi ndiye sijawahi kukusimulia, kwa sababu kila nilipotaka kuanza, nilikuta ulezi umechacha, au ndama amekata kamba. Siku zote kuna ndama.

Wambura hakusoma hata darasa moja. Lakini kukiwa na iritongo, ule mkutano wa watu wote wa ukoo, watu walikuwa hawaanzi mpaka aje. Kesi ya mahari, kesi ya mpaka wa shamba, kesi ya ng'ombe walioibwa, yeye ndiye alikuwa anasimama. Alikuwa mfupi. Alikuwa anakohoa kwanza, kikohozi kimoja kidogo, halafu anaanza taratibu kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, na akimaliza unakuta aliyekuja na panga amekalia panga lake. Mwanasheria ni nini zaidi ya hapo? Kofia?

Alikuwa hakai nyumbani. Leo yuko hapa, kesho ameitwa Nyarero, kesho kutwa huko Genkuru. Na kwa kuwa hakujua kuandika, na mimi wakati huo sikujua kusoma, barua zake alizibeba Matiko.

Matiko unamkumbuka. Yule mzee kipofu aliyekuwa akikupa karanga ukitoka shule. Hakuzaliwa kipofu. Alikuwa kijana wa miguu mirefu, mtoto wa dada yake Wambura, na kazi yake ilikuwa kuchukua neno la mjomba wake kulileta kwangu na kuchukua langu kulirudisha. Hakuongeza wala hakupunguza. Alikuwa anafika hapo mlangoni, anavua kofia, anakohoa kikohozi kilekile cha Wambura, nami mwili unanisisimka, halafu analitoa neno lote. Akimaliza anasema, "Limeisha. Sasa njaa."

Hizo ndizo barua zetu, mwanangu. Zimekaa kichwani mwangu miaka hii yote na hukuniuliza hata siku moja. Na mimi sikukwambia. Tumekosa wote, lakini wewe ndiye msomi.

Shika hii: "Mwambie Nyangi yule dume mweusi asiuzwe, hata mjomba wangu akija kulia hapo uani. Machozi yake nayajua, yanakauka akishaona nyama."

Shika na hii: "Mwambie leo nimemsimamia kijana wa upande wa pili. Ng'ombe alizokutwa nazo hakuiba, alinunua kwa mwizi, na mwizi ni wa kwetu, nimemtaja kwa jina. Watu wetu wametema mate chini nilipopita. Akisikia wanasema nimenunuliwa, asibishane nao, aendelee kupalilia."

Nilipalilia. Walikuja wanawake wakasimama kwenye mpaka wa shamba wakasema kwa sauti ya kunifikia mimi, "Wengine waume zao wamepata ukoo mpya." Sikuinua kichwa. Uliposoma kwamba mzungu wako naye aliwahi kusimama upande wa watu waliochukiwa, wenzake wakamnunia, nilishika kigoda kwa mikono miwili. Hukuona, ulikuwa unaangalia kioo chako.

Na hii, ambayo hata leo inanichekesha nikiwa peke yangu: "Mwambie huku wanapika ugali wa muhogo mtupu, mweusi kama udongo wa mbugani. Nikitafuna nawaza ulezi wake. Asimwambie mtu." Matiko aliitoa barua hiyo hapo uani mbele ya wanawake wote waliokuja kuomba moto, na lile "asimwambie mtu" alilitoa kwa sauti ileile. Wiki nzima nikipita njiani naulizwa habari za ulezi wangu.

Basi mwaka ule koo mbili zikapigana. Sitazitaja, watoto wao siku hizi wanaoana na sitaki kuchokonoa. Ilianza kwa ng'ombe, ikaja kwenye mashamba, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Wazee wa pande zote wakakubali kukaa chini, huko juu Tarime, na wakamwita Wambura awe katikati yao. Aliondoka tunaanza kupanda. Tukapalilia, mahindi yakatoa ndevu, bado wamekaa.

Tulikuwa na mtoto mmoja. Chacha. Ameshajua kukimbiza ndama. Alipata homa, nikaona ni homa ya kawaida, nikampa dawa za kwetu. Ikazidi. Nikamtuma Matiko: "Mwambie mtoto anaumwa, aje."

Matiko alirudi na jibu. Alikohoa, akasema: "Mwambie Nyangi nikiinuka leo hapa nilipo, hawa watauana kesho. Ampeleke mtoto kwa daktari, achukue ng'ombe yeyote auze, hata yule mweusi. Nikimaliza neno hili moja nakuja mbio."

Nilimfunga mtoto mgongoni. Hakufika kwa daktari. Alifia mgongoni kwangu na mimi bado natembea, nikajua kwa uzito. Ukibeba mtoto kila siku unajua. Nilikaa chini kando ya njia, sikumfungua mpaka watu wakaja.

Hapa nimepumzika kidogo. Kuku wamekula ulezi wa kutosha, waache wale.

Tulimzika. Matiko alikuwepo, alichimba. Alipotaka kwenda kumpa mjomba wake habari, nilimwita hapo mlangoni nikampa neno. Nilisema: "Mwambie Chacha amezikwa. Mwambie asirudi. Nyumba hii haina baba."

Matiko alinitazama. Akasema, "Mama Chacha, nina njaa." Nikampa uji. Aliunywa polepole kama mtu anayekunywa dawa. Akaosha bakuli. Akaliosha tena. Akasema, "Miguu inauma, nilale hapa niondoke kesho?" Nikamwambia aondoke sasa hivi. Akasimama, akavaa kofia, akauliza, "Neno ni hilohilo?" Nikasema ni hilohilo. Alipofika pale kwenye miti ya mpaka aligeuka, akapaza sauti, "Ni hilohilo?" Mimi nikaingia ndani nikafunga mlango.

Uone kijana yule alivyonipa nafasi. Nilikuja kuona baadaye sana. Wakati ule niliona mtu mvivu anayependa uji.

Na sijakwambia ubaya wenyewe. Kwenye mkutano wa amani mtu wa katikati haruhusiwi kunong'onezwa. Akinong'onezwa, upande mmoja utasema anapokea mpango wa upande mwingine, na mikuki iko nje imeegemezwa. Kila anayekuja na neno lazima aliseme kwa sauti, mbele ya wote. Mimi nilijua. Nilikuwa mke wa Wambura, sheria hizo nilizijua kama mistari ya kiganja changu. Nilipomwambia Matiko aondoke sasa hivi, nilijua atafika watu wamekaa. Sikutaka Wambura asikie peke yake. Nilitaka asikie mbele ya watu.

Matiko alifika, akavua kofia. Safari hii alikohoa kikohozi chake mwenyewe, maana neno lilikuwa langu. Akalitoa lote. Chacha amezikwa, usirudi, nyumba haina baba. Halafu akasema, "Limeisha."

Wambura alikaa. Akamwambia Matiko maneno mawili ya kuniletea. "Mwambie nimesikia."

Hiyo ndiyo barua yake ya mwisho kwangu. Mwambie nimesikia. Mzungu wako ameacha makaratasi ya kujaza chumba. Mimi ya mwisho niliyonayo ni hiyo, nayo ni fupi.

Kisha akageukia wazee akaendelea na kesi. Na mzee mmoja wa upande uliokuwa mkali zaidi akasema, "Mtu ambaye nyumba yake imeanguka hapa mbele yetu na bado amekaa anahangaika na nyumba zetu, huyu hatudanganyi." Siku ileile wakakubaliana. Amani ile imeshika mpaka leo, umekulia ndani yake, umekwenda shule kwa njia ambayo zamani mtoto wa kwetu hapiti. Kwenye pombe wanaume walikuwa wananitania, "Nyangi ndiye aliyemaliza vita! Mpeni kata ya kwanza." Nilikuwa napokea ile kata, nakunywa. Nifanye nini?

Lakini kurudi nyumbani hakurudi. Sikumshangaa. Mtu aliyefukuzwa na mke wake mbele ya iritongo harudi kimyakimya akiinamisha kichwa mlangoni. Neno kama lile linaondolewa na mdomo uliolitoa, mbele ya aliyeambiwa, uso kwa uso, unaweka maziwa mdomoni unampulizia kifuani, basi, limekwisha. Yeye akakaa kwa dada yake huko Nyarero, akangoja nije. Mimi nikakaa hapa, nikangoja aje. Mimi nimfuate mwanamume kwa miguu yangu? Mimi niliyezika mtoto peke yangu? Kila mpita njia nilimsikiliza anasema nini, na nikijifanya sisikilizi. Tukavuna. Mvua zikarudi. Tukapanda tena.

Wakaja kuniambia anakohoa, na si kile kikohozi chake cha kuanzia maneno.

Hapo nilikuwa na miguu mizima, Rhobi. Nilikuwa mwanamke wa kutoka hapa hadi Nyarero bila kukaa chini. Nikamwita Matiko. Nikamwambia, "Mwambie arudi nyumbani. Mlango uko wazi." Matiko akaniuliza, "Twende wote?" Nikamwambia mimi nina mihogo inaoza.

Mihogo.

Alifika asubuhi. Wambura alikuwa amekata roho alfajiri, wanawake wameshaanza kulia. Matiko akapita katikati yao, akaingia ndani, akasimama miguuni pake, akavua kofia. Akakohoa. Akasema kwa sauti, "Nyangi anasema urudi nyumbani. Mlango uko wazi." Watu wakadhani amepata wazimu. Alikuwa hana wazimu. Alikuwa na neno, na mwenyewe yuko pale amelala. Akasema, "Limeisha."

Dada yake Wambura aliniambia siku hiyo Matiko hakuomba chakula.

Tulimleta, tukamzika hapo nyuma ya migomba, karibu na Chacha. Nilisimama na maziwa mdomoni mbele ya maiti, wazee wakanikataza, wakasema hasikii. Niliyameza. Ladha yake ninayo hadi leo.

Baada ya hapo ndipo nilikwenda kwenye darasa la watu wazima, kujifunza hizi herufi. Watu walicheka, mjane na ubao wake wa kuandikia. Mwalimu alituuliza kila mtu anataka kusoma ili iweje. Mmoja akasema asome Biblia, mwingine asidanganywe kwenye mizani ya tumbaku. Mimi nikasema nataka kujua kuandika ili siku nikikasirika niandike, kisha nichome. Mwalimu akadhani ni mzaha.

Na nimeandika, mwanangu, na nimechoma. Mama yako hajui ni mara ngapi jiko hili limewashwa kwa matusi yake. Alipovunja mtungi wangu. Alipokupeleka kwenye shule ya bweni bila kuniuliza. Kuna barua ya kwako pia, ya siku uliyosema unasoma sheria na hutaolewa kwanza. Hiyo iliwaka vizuri sana.

Juzi sikuandika. Kalamu ilikuwa ndani, mdomo ulikuwa karibu.

Ninyi mna simu. Mimi naiona simu ni Matiko mbaya. Haina njaa, haiombi uji, haigeuki pale kwenye miti ya mpaka ikuulize kama neno ni hilohilo. Unasema, limeshafika. Ukiwa huko, na mtu wako amekuudhi huku, au mimi nimekuudhi, maana nitakuudhi, jitengenezee uji. Uunywe polepole. Uoshe bakuli, kisha ulioshe tena. Sina la kukufundisha zaidi ya hilo, na nimelilipia.

Kuhusu mzungu wako, kafanye kazi yake vizuri. Sikatai tena. Alivuka bahari kutafuta amani, na mke wake alibaki na shamba, wote wawili nawafahamu kuliko unavyofikiri. Ila ukizipanga barua zake, zitafute na za yule mwanamke, uzisome kwa makini, hasa mahali anapoandika bei ya chumvi. Mwanamke akianza kuandika bei ya chumvi ujue kuna jambo lingine hataki kuliandika. Na ukipata nafasi, andika na hizi za Wambura. Sasa unazo. Dume mweusi, kijana wa upande wa pili, ulezi, nimesikia. Usiseme tena mbele ya watu kwamba kwetu walikufa kimya.

Ukirudi, mimi hutanikuta. Usianze "Bibi acha hayo." Nimeshauona mwili wangu, naujua. Utapigiwa simu uko kwenye baridi huko, na nauli ya ndege si ya kuchezea, usije kukimbilia kuzika kizee. Ila mahali pako nyuma ya migomba pako pale pale, kama pangu, na asije mtu akakwambia vingine.

Nilikuwa nimepanga hivi: nikunje barua hii, niiweke kwenye begi lako chini ya yale masweta, uikute huko mbele ya safari. Kesho asubuhi ungesema, "Bibi, naondoka," nami ningesema, "Haya," nikimwangalia kuku.

Sasa nimeisoma tangu mwanzo, nimeona ninachokifanya. Nimemtuma Matiko tena. Nimekaa hapa na miguu yangu, natuma karatasi ikaseme mlango uko wazi.

Jua limeondoka uani. Nimemwita mama yako, nimemwambia, "Bhoke, nililisema na wewe ukiwepo, na wewe lilikupata." Amenitazama na zile nguo mkononi. Amesema, "Lilinipata, Mama." Hakusema si kitu. Amekwenda kuleta maziwa kwenye kibuyu kidogo, ameyaweka hapa miguuni pangu.

Askari ameinua kichwa. Kuna mtu anapandisha kutoka barabarani, macho yangu hayafiki huko. Mbwa amesimama, anatikisa mkia, habweki.

Nimeweka maziwa mdomoni, ndiyo maana mistari hii ya mwisho naiandika bila kumwita mama yako. Usiingie ndani, Rhobi. Simama hapo mlangoni. Nainuka, nakuja mwenyewe.